Tingatinga ni Jina la Mtu

Nilipoandika neno Tingatinga ubaoni, katika shule moja ya mabati pale Kibera, upande wa Lindi, darasa zima lilinyamaza. Mimi nikadhani wamevutiwa na somo. Kumbe sivyo. Kwa mtoto wa Kibera tingatinga ni ile mashine. Tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yaliingia asubuhi na mapema kubomoa nyumba, maduka na shule ili barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata ipate kupita, na maelfu ya watu wakalala nje. Wanafunzi wangu walikuwa wadogo sana siku hiyo, lakini habari yenyewe wamelelewa nayo. Basi mwalimu mgeni kutoka Mombasa anapoingia na kuandika neno hilo kwa herufi kubwa, wao wanangoja kuambiwa shule itabomolewa lini.

Nikawaeleza kuwa huyu ni mtu. Edward Saidi Tingatinga, mchoraji, aliyefariki mwaka 1972. Wakacheka, na kicheko kile kilikuwa cha kupumua.

Kabla sijasimulia maisha yake, ndugu msomaji, acha nieleze nilifikaje kwake, kwa sababu nilimdharau kwa miaka mingi. Sisi tuliokulia Mji wa Kale tumezoea kujiona tunajua kilicho kizuri. Tuna milango ya nakshi, tuna kanga, tuna hina. Picha za Tingatinga nilizijua kama bidhaa za ufukweni, zile zinazotundikwa kwa wauza vinyago Diani na Malindi: twiga, pundamilia na Mmasai mwenye mkuki, zote zikimeta, zote zikifanana. Kwangu hazikuwa sanaa. Zilikuwa kitu ambacho Mzungu hununua siku ya mwisho kabla ya kupanda ndege.

Halafu nikapata kazi ya kufundisha sanaa Nairobi, siku mbili Kibera na siku mbili Kawangware, katika shule za kijamii ambazo hata kalamu za rangi hugawanywa kwa kukatwa vipande. Mtaala unataka mwanafunzi aangalie kazi ya sanaa na atambue vijenzi vyake: mstari, umbo, ujazo, rangi, mwanga na kivuli, mguso, nafasi. Karatasi niliyokabidhiwa ilikuwa na picha ya Mzungu aliyechora anga la usiku lenye nyota. Ilikuwa nakala ya mashine, nyeusi na nyeupe, wino umepauka. Chini yake swali la kwanza lilimtaka mwanafunzi ataje rangi tatu alizotumia mchoraji.

Likizo ile nilikuwa na harusi ya binamu yangu Dar es Salaam. Shughuli ilipokwisha nikapitishwa Oyster Bay, pale Morogoro Stores, wanapofanyia kazi wachoraji wa ushirika wa Tingatinga. Nilikwenda kutafuta zawadi tu. Mzee mmoja aliyekuwa akipaka rangi akaniona navizungushia macho vile vitwiga kwa dharau, akanitolea kitabu chenye picha za yule mwenyewe, za mwanzo mwanzo. Chui mmoja tu, mkubwa, amejaa ubao mzima, uso wake umenigeukia, nyuma yake hakuna nyasi, hakuna mlima, hakuna jua. Wallahi nilisimama pale hadi aliyenileta akanipigia honi. Sikuwa nimewahi kuiona kazi yake. Nilichokuwa nikikidharau ni nakala ya nakala ya nakala.

Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 kusini mwa Tanganyika, katika kijiji cha Namochelia, wilaya ya Tunduru, ambacho sasa kinaitwa Mindu. Baba yake Saidi alikuwa Mngindo, mama yake Agnes alikuwa Mmakua, wote wakulima wa chakula chao wenyewe. Jina lake Edward Saidi limebeba pande mbili, kanisa na msikiti, jambo ambalo watoto wangu wa Kibera hawakuliona la ajabu hata kidogo, kwani pale Makina Mnubi na Mluhya hukopeshana chumvi kila siku. Shule aliisoma kidogo tu. Wapo wanaosema kuwa picha ambazo watu wa kusini walizoea kuchora kwenye kuta za nyumba zao za udongo ndizo zilizomlea jicho. Wengine hawakubali. Mimi naona mtoto aliyekulia penye ukuta uliochorwa hawezi kuusahau, lakini hayo ni maoni yangu.

Mwaka 1957 aliondoka kwao kwenda kutafuta riziki, akafanya vibarua katika mashamba ya mkonge Tanga. Wasomaji wa Kilifi na Vipingo hawana haja ya kuelezwa kazi ya mkonge ilivyo. Mwaka 1959 akafika Dar es Salaam. Huko ndugu yake alikuwa mpishi wa afisa mmoja wa Kiingereza, na kwa njia hiyo naye akapata kazi ya nyumbani na ya kutunza bustani. Uhuru ulikuja, Waingereza wakafunga virago, na Tingatinga akawa mtu wa kubahatisha, leo kibarua hiki, kesho kile. Aliishi Msasani, ambayo enzi hizo ilikuwa bado kijiji cha wavuvi pembeni ya majumba ya wakubwa wa Oyster Bay.

Hapa darasa la Kawangware lilinielewa bila maelezo. Ukitoka Gatina kwa miguu, muda mfupi tu uko kwenye nyua za Lavington, na mama na shangazi wa wengi wao huamkia huko kufua na kupiga pasi. Mtu anayelima bustani ya mwingine na kulala kwake kwenye chumba kimoja si mtu wa kitabuni kwao.

Mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 36 hivi, akaanza kuchora. Inasimuliwa kuwa aliwaona Wakongo wakitembeza picha zao mitaani Dar es Salaam na wageni wakinunua, akajiambia hata yeye anaweza. Hakuwa na kitambaa cha kuchorea wala rangi za wasanii. Alichukua ubao mwembamba wa dari, ule wa mafundi ujenzi, akaukata vipande vya mraba, vingi vya futi mbili kwa futi mbili. Rangi aliyotumia ni ya mafuta, ya makopo, ya kupaka baiskeli na milango.

Nawaomba wasomaji mnivumilie hapa, kwa sababu ndipo somo langu lilipo. Nilipowapa wanafunzi picha zake nilizochapisha kwa rangi River Road kwa pesa yangu mwenyewe, sikuwapa orodha ya vijenzi vya sanaa. Niliwauliza ni kwa nini chui huyu anaonekana hivi. Na kila jibu lilirudi kwenye maisha ya mtu yule.

Chukua rangi. Rangi ya kopo haichanganyiki kwa upole kama rangi ya maji. Inanata, inachuruzika, na kopo jipya lina bei. Kwa hiyo Tingatinga wa mwanzo ana rangi chache, kila moja imekaa mahali pake imara: manjano yake ni manjano, nyeusi yake ni nyeusi. Mtoto mmoja wa Kibera aliniambia ni rangi za kibanda cha M-Pesa, yaani zimepakwa ili zionekane na mtu aliye ng'ambo ya reli. Sijasoma maelezo bora kuliko hayo kuhusu rangi zinazopambana. Pale Kibera wanalo kundi la wachoraji, Maasai Mbili, lililoanzishwa mwaka 2001 na mafundi wawili waliokuwa wakiandika mabango ya vibanda na vinyozi. Kwa hiyo mtoto wa pale ameshaona kuwa rangi ya bango na rangi ya picha hutoka kwenye kopo lilelile.

Mstari nao. Rangi ile ikishagusa ubao, kuifuta ni kuharibu. Mkono unapaswa kuamua kabla. Ndiyo maana mistari yake ni ya mtu asiyerudi nyuma: mgongo wa mnyama unavutwa kwa mkupuo mmoja, sharubu zinatupwa. Niliwakumbusha akina mama zao wanaopaka hina. Mpakaji mzuri hatetemeki, na akitetemeka harusi nzima itajua.

Umbo ni lile la kukatika wazi, kama kivuli cha mnyama ukutani. Mwili anauonesha kwa ubavu, lakini uso mara nyingi unatutazama sisi. Si kosa. Mwili wa chui ukitazamwa kwa ubavu ndio unaomtambulisha, na uso unatutambulisha sisi kwake. Watoto huchora hivyo wenyewe kabla hatujawafundisha kuwa si sawa, na nakiri kuwa niliwahi kukata alama kwa kosa hilo.

Kilichochukua muda mrefu zaidi ni nafasi. Hawakuiona. Kila mmoja alitaja mnyama, hakuna aliyetaja ule utupu nyuma yake. Nikatoa kanga niliyoichukua kwa mama yangu, nikaitandaza juu ya madawati. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Mji ni ile sehemu ya katikati, na fundi wa kanga huamua mji ujazwe au uachwe upumue. Wakaanza kuona. Chui wa Tingatinga amekaa katikati ya mji usio na kitu, na pindo lake ni ukingo wa ubao wenyewe, kiasi kwamba mara nyingi mkia unajikunja kuufuata. Angeweka miti kumi na ndege ishirini, kama wafanyavyo wengi waliomfuata, chui angekuwa mmoja wa wapangaji. Vile alivyo, ndiye mwenye nyumba.

Mguso ulileta ubishi. Ukipitisha kidole juu ya picha halisi ni laini kama mlango uliopakwa jana, lakini madoa na vistari vidogo vinalifanya jicho lihisi manyoya. Je, tuandike laini au tuandike manyoya? Nikawapa alama wote walioeleza sababu. Mwanga na kivuli, kazi zake za mwanzo hazina mengi. Ujazo hazina kabisa, na hapo nikawapitishia kinyago cha mbao kutoka Changamwe, kwa mafundi wa Kikamba, wakigeuze mikononi, waone kuwa kina mgongo na ubavu na kisogo. Chui wa Tingatinga hana kisogo. Ukigeuza ubao utakuta dari tu. Walicheka sana kwa hilo, na sidhani kama kuna aliyekosa swali la ujazo katika mtihani.

Turudi kwa mwenyewe. Picha zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, kwa wageni waliokuja kununua mikate na nyama. Mwaka 1970 alimuoa Agatha Mataka, wakapata watoto wawili. Kuchora kulikuwa bado si kazi ya kutegemewa, hivyo akashika pia kazi ndogo katika hospitali ya Muhimbili na kuchora baada ya saa za kazi. Pole pole kampuni ya serikali iliyoshughulika na sanaa ikaanza kununua kazi zake, na hapo kipato kikawa na uti wa mgongo.

Wateja walipozidi, aliwaita jamaa na vijana wa kwao wamsaidie: Januari Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah Mtalia, Kasper Tedo na Simon Mpata. Walijifunza kama wanavyojifunza watoto wa fundi seremala au fundi jahazi huku kwetu, kwa kushika kopo, kupaka rangi ya nyuma, kuingoja ikauke, kujaza madoa, mpaka siku ukiaminiwa kuvuta mstari wa nje. Huyo Mpata baadaye alihamia Kenya, akajulikana hadi Japani, na hoteli moja ya kifahari Maasai Mara ina jina lake. Kwa hiyo tusidhani kuwa habari hii ni ya Watanzania peke yao. Hata vikatuni vya Tinga Tinga Tales, vilivyoonekana kwenye televisheni za Uingereza kuanzia mwaka 2010, vilitengenezwa hapa Nairobi. Wanafunzi wangu wa Kawangware walikuwa wameviona. Wao walidhani Tinga Tinga ni jina la nchi ya wanyama.

Kisha likaja jambo ambalo nililiahirisha wiki mbili. Usiku mmoja wa mwaka 1972 Tingatinga alikuwa ndani ya gari Dar es Salaam. Polisi walikuwa wakisaka wahalifu waliokuwa wakikimbia, wakalidhania gari lile kuwa ndilo, wakapiga risasi. Akafa. Alikuwa na miaka 40 hivi, na muda wote aliokuwa mchoraji haukuzidi miaka minne.

Mwalimu mwenzangu wa Kibera alinishauri nisiwaambie. Niseme tu kwamba alifariki. Nilimwelewa. Katika darasa lile wapo waliopoteza kaka namna hiyohiyo, kijana aliyedhaniwa kuwa mwizi, na wanayajua maneno ya kueleza jambo hilo kuliko mimi. Lakini nilijiuliza, nikiwaficha mimi, watakaposikia kwingine watanionaje? Nikawaambia, kwa sentensi tatu, bila kupamba. Hakuna aliyeuliza kuhusu rangi siku hiyo. Msichana mmoja aliuliza kama lile gari lilikuwa lake. Mvulana akauliza watoto wake walibaki na nani. Nikasema walibaki na mama yao, na wale vijana aliowafundisha wakaendelea kuchora kwa jina lake, na kutokana nao ukaja ushirika ulioandikishwa rasmi mwaka 1990. Kengele ikalia. Juma lililofuata ndio wao walioomba nimrudishe chui ukutani.

Hapo ndipo penye mzozo ambao sijautatua. Wale vijana wasingeendelea, jina lake lingekwisha mwaka uleule. Wameendelea, na kwa kuendelea wameujaza ule mji wa kanga twiga na jua na mbuyu hadi watu kama mimi tukaacha kumtazama. Mtalii anataka picha yenye vitu vingi kwa pesa yake. Mchoraji ana kodi ya nyumba. Nani amlaumu? Mimi nawalaumu kidogo, nasema kweli, kisha nakumbuka kuwa yeye mwenyewe alianza kwa kuona Wakongo wanauza.

Mwaka huohuo mvulana mmoja wa Kawangware alichora matatu ya namba 46. Ubao hakuwa nao, akapata debe la mafuta ya kupikia, akalipasua na kulinyoosha kwa nyundo. Rangi ilikuwa mabaki ya fundi anayepaka vibanda Gatina: nyekundu, nyeupe na buluu iliyoanza kuganda. Matatu imejaa bati lote, ubavu kwa ubavu, lakini taa zake mbili zinakutazama. Nyuma hakuna barabara, hakuna mtu, ni buluu tupu. Madirisha ameyajaza vitone vyeupe. Niliipeleka katika shindano moja la shule. Ikarudishwa, na sababu niliyopewa ni kwamba ni mtindo wa kuuzia watalii na mtoto amenakili. Nikauliza amenakili picha gani, kwa maana Tingatinga hakuchora matatu maishani mwake. Sikujibiwa.

Nilimrudishia kazi yake nikiwa na aibu kana kwamba mimi ndiye niliyemkataa. Hakulia. Aliichukua akampelekea mama yake, anayeuza sukuma wiki na nyanya karibu na steji, naye akaitundika kwenye nguzo ya kibanda, juu ya mizani. Ijumaa iliyopita nikipita pale mama aliniita. Kuna mtu alikuwa amesimama na gari, akanunua vitunguu, akauliza ile matatu ni bei gani. Mama alimwambia arudi Jumatatu, mwanawe yuko shuleni. Alitaka nimwambie aseme shilingi ngapi. Nilimtajia bei ambayo mimi mwenyewe ningeilipa. Akaniangalia, akatikisa kichwa, akasema ni ndogo, ile rangi nyekundu peke yake mtoto aliifanyia kazi ya kubeba maji siku tatu.